Baridi imeingia: wazee wawili, jiko moja, chumba kimefungwa

Mvua za masika zimekatika, maharage yameshapigwa na kutiwa kwenye magunia, mahindi yanakaushwa, na kule Nyanda za Juu Kusini asubuhi imeanza kuuma. Kuanzia sasa hadi Agosti ni msimu wa kipupwe. Kama wazazi wako wanaishi Makete, Njombe, Mufindi, Lushoto au Mbulu, unajua ninachozungumzia. Makete na kwenye uwanda wa Kitulo sakitu huanguka usiku, na kukipambazuka unakuta majani ya viazi yameungua kama yaliyopitishwa motoni.

Nyumba ninayotaka tuiangalie wiki hii ni ile ya wazee wawili wanaoishi peke yao. Tuseme baba ana miaka 76 na mama 71. Watoto wako Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya mjini, na wajukuu huonekana wakati wa likizo. Siku za wazee hawa zina utaratibu wake. Mama huamka kwanza, huwasha moto na kuchemsha maji. Baba hutoka kuangalia ng'ombe, kisha hurudi kunywa chai. Saa nne wote wawili wako nje, wameegemea ukuta unaopigwa na jua, wanapukuchua mahindi na kusemezana mambo ya jana. Jua likishajificha nyuma ya mlima, mlango unafungwa. Saa mbili usiku wamelala. Ni maisha mazuri, na sina nia ya kuyageuza ugonjwa.

Lakini kuna jambo moja kuhusu nyumba hii ambalo watoto wengi hawalifikirii. Katika nyumba ya wazee wawili, kila mmoja ndiye nesi wa mwenzake. Mama ndiye anayejua kwamba baba hakumaliza ugali. Baba ndiye anayesikia mama akikohoa usiku wa manane. Kwa miezi mingi ya mwaka mpango huu unafanya kazi vizuri kuliko wodi nyingi. Baridi inapoingia unayumba, kwa sababu baridi haimchagui mmoja. Wanalala chumba kimoja, wanavuta hewa ile ile, wanajifunika blanketi lile lile. Anayetakiwa kupiga kelele ndiye naye anayepoa.

Mwili mkongwe haupigi kelele

Kijana akipata baridi anatetemeka, anavaa sweta, anasogea motoni. Kutetemeka ni kazi ya misuli ya kutengeneza joto, na mwili wa mzee una misuli michache, mafuta machache chini ya ngozi, na mishipa ya damu inayochelewa kusinyaa ili kulinda joto la ndani. Hata ile hisia yenyewe ya baridi hupungua. Ndiyo maana unaweza kumkuta mzee amekaa na shati jepesi, vidole vya baridi kama maji ya mto, na ukimuuliza anasema, "Mbona mimi sisikii baridi?" Hakudanganyi. Kweli haisikii.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, hiyo ni hatari ya kitabibu, na kwa mzee inaweza kutokea ndani ya nyumba, kitandani, bila kunyeshewa wala kulala porini. Inakuja polepole. Anaanza kuongea taratibu, maneno yanakuwa mazito, anajikwaa, anashindwa kufunga vifungo, anataka kulala tu. Ukisubiri kutetemeka ndipo ujue hali imeharibika, unaweza kusubiri bure, kwa kuwa mwili uliopoa sana huacha kutetemeka.

Njia rahisi ya kujua ni mkono wako. Usipime kwenye vidole wala puani, maana hizo sehemu huwa za baridi hata kwa mtu mzima wa afya. Ingiza kiganja chenye joto chini ya nguo, uguse tumbo lake. Tumbo likiwa la baridi, hilo si jambo la kusema "tutaona kesho". Vipimajoto vingi vya zebaki huanzia nyuzi 35, kwa hiyo kipimajoto ambacho hakipandi si lazima kiwe kibovu.

Ukimkuta katika hali hiyo, mvue nguo zenye unyevu, mfunike mwili mzima pamoja na kichwa, na kama yuko macho na anameza vizuri mpe uji au chai ya moto kiasi. Usimsugue miguu kwa nguvu, usimsogeze karibu na moto mkali, wala usimpe pombe. Kisha safari ya kituo cha afya ianze, huku akibebwa kwa upole.

Nimetaja pombe kwa sababu najua nyumba zetu. Ulanzi au komoni unampa mtu hisia ya joto, na ndivyo unavyomdanganya: pombe hutanua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, joto linapotea nje. Mzee aliyekunywa jioni kisha akatembea kurudi nyumbani kwenye ukungu anapoa haraka kuliko aliyekunywa chai.

Ukitaka kuwatumia wazazi kitu msimu huu, tuma kofia ya sufi na soksi nzito, jozi mbili kwa kila mmoja. Nguo nyepesi mbili au tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushika joto kuliko koti moja zito, na mama anaweza kupunguza moja anapokuwa mekoni.

Nyumba mpya, jiko la zamani

Hapa nataka tukae kidogo.

Nyumba nyingi za zamani za mikoa ya baridi zilikuwa zinapumua. Paa la nyasi liliachia moshi, mlango ulikuwa na mianya, na moto wa katikati ya nyumba uliwaka usiku kucha bila watu kufa. Sisemi zilikuwa nyumba salama. Moshi ule umeharibu mapafu ya mama zetu wengi, na kikohozi cha miaka mingi ninachokiona kliniki kwa wanawake ambao hawajawahi kuvuta sigara kina historia ndefu ya kuni. Lakini hewa ilikuwa ikiingia.

Kisha watoto wakapata kazi, wakawajengea wazazi nyumba. Tofali za kuchoma, plasta, bati, dari, madirisha ya alumini yanayobana vizuri. Ni zawadi nzuri, na mzazi anaionyesha kwa kila mgeni. Tatizo ni kwamba nyumba imebadilika na mazoea ya kuota moto hayajabadilika. Jioni mama anachukua jiko la mkaa alilopikia, makaa yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi, analiingiza chumbani, anafunga mlango ili joto lisitoke. Watu wazima wawili wanalala.

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikeri koo wala macho. Ndani ya damu, himoglobini, ile inayobeba oksijeni, inaikamata gesi hii kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoikamata oksijeni. Kwa hiyo hata gesi kidogo hewani inajaza nafasi ya oksijeni, na ubongo na moyo vinakosa chakula chao. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, kisha usingizi mzito. Akiwa tayari amelala, hizo dalili zote anazipita akiwa usingizini.

Kuna imani moja ambayo nakutana nayo kila mwaka, kwamba mkaa ukishakolea na moshi ukaisha hatari imeisha. Si kweli. Moshi ulikuwa unakufukuza. Makaa mekundu yasiyo na moshi hayakufukuzi, na gesi inaendelea kutoka. Imani nyingine ni kwamba sufuria ya maji juu ya jiko hunyonya sumu. Hainyonyi chochote. Inachemka tu.

Sasa unaona kwa nini nyumba ya wazee wawili inanitia wasiwasi kuliko nyumba yenye watu wengi. Kama anayelala chumba kile ni mmoja na mwenzake yuko sebuleni, kuna mtu wa kushtuka. Hapa mlinzi na anayelindwa wamelala kwenye kitanda kimoja.

Kuna nafasi moja ya kushtuka mapema, nayo ni asubuhi baada ya usiku ambao gesi ilikuwa kidogo. Wazee wote wawili wanaamka na kichwa kinauma, kichefuchefu, uchovu kama wa malaria. Wakitoka nje kuota jua, kufikia saa tano wako sawa. Kesho yake tena. Watu wawili wanaoumwa kichwa kila asubuhi na kupona wakiwa nje, hawana malaria ya ajabu. Lichunguze jiko. Na ukienda nao hospitali, mwambie daktari waziwazi, "Wamelala na jiko la mkaa ndani," kwa sababu kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hakitofautishi vizuri oksijeni na gesi hii, na kinaweza kuonyesha namba ya kuridhisha kwa mtu aliyekwisha kuathirika.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango na madirisha, mtoe nje kwanza, kisha ndipo ushughulike na jiko. Usikae ndani ukimwita jina. Anahitaji oksijeni ya hospitali hata kama amezinduka na anasema yuko sawa.

Kuwaambia wazee "msitumie jiko" bila kuwapa njia nyingine ni maneno ya mtu anayeishi Sinza. Wanahisi baridi kweli. Kwa hiyo pashani chumba jioni mkiwa macho, dirisha likiwa limeachwa wazi kiasi na mlango pia, kisha jiko litoke nje kabisa kabla ya mtu yeyote kupanda kitandani. Kutoka nje maana yake ni nje ya nyumba. Kuliweka korido na kufunga mlango wa chumba haitoshi. Halafu kitanda kipashwe kwa maji ya moto: chupa ya mpira inayouzwa madukani kwa kazi hiyo, au chupa imara yenye kifuniko kinachobana, ikazungushiwa kitenge mara mbili na kuwekwa chini ya blanketi nusu saa kabla ya kulala. Wanapoingia kitandani, chupa inatolewa. Sakafu ya saruji inavuta joto, kwa hiyo mkeka au kipande cha zulia chini ya kitanda na mahali wanapokanyagia husaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Majiko ya gesi nayo si ya kupashia chumba kilichofungwa.

Na wewe uliyejenga nyumba ile, ukienda likizo hii, nenda na fundi. Aache matundu ya hewa juu ya dirisha la chumba cha kulala na la jikoni, yenye wavu wa mbu. Tundu hilo ni la kudumu na lisizibwe kwa matambara. Baba atalalamika kuwa baridi inaingia. Mweleze sababu bila kumkaripia, maana nyumba ni yake.

Miguu isiyosikia moto

Neno fupi kwa wenye kisukari. Kisukari cha miaka mingi huua hisia za miguuni, na mguu wenye ganzi hauoni tofauti kati ya moto wa kupendeza na moto wa kuunguza. Baba anaota moto jioni, anapandisha miguu karibu na jiko, anasinzia. Asubuhi kuna malengelenge ambayo hakuyasikia yakitokea, na kidonda cha mguu wa kisukari ni safari ndefu ambayo wakati mwingine huishia kwenye kukatwa kidole au mguu. Mwenye kisukari apashe miguu kwa soksi. Maji ya kuogea ayapime kwa kiwiko au apimiwe na mwenzake, na chupa ya maji ya moto isimguse miguuni kabisa.

Ukiona kwenye miguu ya mama madoa ya kahawia yaliyojichora kama wavu, hasa upande wa mbele chini ya magoti, ujue anaota moto kwa karibu mno kwa muda mrefu. Mara nyingi madoa hayo hayaumi. Ila yanakueleza anavyohangaika na baridi hata kama kwenye simu anasema hakuna baridi mwaka huu.

Safari ya chooni saa nane usiku

Baridi inasinyaza mishipa ya damu ya ngozi, damu inasukumwa katikati ya mwili, na figo zinaitikia kwa kutengeneza mkojo zaidi. Ongeza tezi dume ya baba. Ongeza kidonge cha presha cha aina inayoongeza mkojo, ambacho mama anakunywa jioni kwa sababu ndipo anapokikumbuka. Matokeo yake ni safari mbili au tatu za chooni usiku, na choo kiko nje, njia ina umande, miguuni kuna kandambili.

Mishipa ile ile iliyosinyaa ndiyo inayopandisha shinikizo la damu. Kiharusi na mshtuko wa moyo huongezeka kwenye vipindi vya baridi, na hili limeonekana katika nchi nyingi. Mtu anatoka chini ya blanketi lenye joto, anasimama ghafla, presha inayumba, kizunguzungu, anaanguka. Mifupa ya mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi kwa miaka 20 ni myepesi, na nyonga iliyovunjika humweka mama kitandani kwa miezi. Baba ambaye alikuwa akilishwa na mama anabaki bila mpishi. Katika nyumba hii ajali ya mmoja ni ya wawili.

Ndoo yenye mfuniko iwekwe chumbani. Najua baadhi ya wazee wanaiona kama aibu, hasa baba mbele ya mama. Mletee mwenyewe, mpe faraghani, wala usifanye mkutano wa ukoo juu ya ndoo. Tochi iwe pembeni ya mto. Anayeamka akae ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, anyooshe na kukunja miguu, ndipo asimame. Viatu vya usiku viwe vya kufunika kisigino.

Kuhusu dawa ya kuongeza mkojo, muulizeni daktari kama inaweza kunywewa asubuhi. Kwa wagonjwa wengi inawezekana. Lakini asiache kuinywa kwa kuogopa chooni, na dawa za presha zisikatike kipindi hiki. Wengi huishiwa dawa wakati wa mavuno, siku ya kliniki inapita kwa kuwa mahindi yako uani, na mtu anajisikia mzima. Presha iliyopanda mara nyingi haiumi popote. Mzee akapimwe mwezi huu, si ule wa Septemba baridi ikishapita.

Homa ya mapafu isiyo na homa

Sehemu hii soma mara mbili ukiwa na muda.

Mtoto akipata homa ya mapafu anachemka, anakohoa, anahema, na kila mtu anaona. Mzee anaweza kuwa na homa ya mapafu kali bila joto kupanda na kikohozi kikiwa kidogo tu. Anachoonyesha ni mabadiliko ya tabia. Aliyekuwa anaamka saa kumi na mbili anataka kuendelea kulala. Anaacha chakula anachokipenda. Anaanguka bila sababu. Anamwita mkewe kwa jina la dada yake aliyefariki, au anauliza mara tatu kama ng'ombe wamerudi.

Ndipo jirani anasema, "Ni uzee tu." Wengine watasema mambo mazito zaidi, na mtaanza kutafuta aliyemfanyia. Kumbuka kitu kimoja: mzee aliyekuwa na akili zake timamu Jumapili na amechanganyikiwa Jumanne, hajazeeka ndani ya siku mbili. Kuna ugonjwa unaoendelea mwilini. Inaweza kuwa mapafu, maambukizi ya mkojo, malaria, sukari iliyoshuka au kupanda, kiharusi, au ile gesi ya mkaa. Yote hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Anayeweza kuliona hili mapema ni mwenzake wa miaka 50 kwenye ndoa. Hakuna kipimo ninachokiamini kliniki kuliko mama anayesema, "Daktari, huyu si yeye." Nikisikia hivyo naagiza vipimo hata kama mgonjwa mwenyewe amenitazama na kunihakikishia kuwa hajambo.

Mkiwa nyumbani mnaweza kuhesabu pumzi. Mzee akiwa ametulia, ikiwezekana amelala, angalia kifua au tumbo likipanda, hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Ikifika 25 au zaidi akiwa hajafanya kazi yoyote, mpeleke. Midomo ikigeuka rangi ya bluu au akishindwa kumaliza sentensi, msisubiri hata kuhesabu.

Kwa wanaohofia gharama: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na utaratibu wa serikali ni wazee wasio na uwezo kutibiwa bila malipo. Kitambulisho cha mzee hufuatiliwa kupitia serikali ya kijiji na ustawi wa jamii. Kifuatilie sasa, wazazi wakiwa wazima, siyo siku ya kubebana. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Uliza liko wapi kabla ya kupanga foleni.

Vidonge vya dukani

Magoti yanauma zaidi kwenye baridi, na duka la dawa liko karibu kuliko zahanati. Kinachonunuliwa mara nyingi ni diklofenaki au dawa ya jamii hiyo. Inatuliza kweli, ndiyo sababu inapendwa. Kwa mzee mwenye presha, dawa hizi hupandisha presha, hutoboa tumbo, na zikichanganywa na baadhi ya vidonge vya presha pamoja na kile cha kuongeza mkojo zinaweza kuangusha figo. Wazee hunywa maji machache wakati wa baridi kwa kuwa kiu yao imepungua na hawataki kwenda chooni, na figo yenye ukame huumia haraka zaidi.

Anzeni na parasetamo: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi mara tatu kwa siku, na kwa mzee mwembamba au mwenye ugonjwa wa ini muulizeni daktari au mfamasia kipimo kidogo zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani, kwa hiyo zisinywewe pamoja nayo. Baadhi ya hizo za mafua zina kiungo cha kuzibua pua kinachopandisha presha, na zile zinazoleta usingizi zinaweza kuziba mkojo wa mwanaume mwenye tezi dume iliyovimba na kumchanganya akili mzee yeyote. Mafua ya kawaida ya mzee yanahitaji chai ya tangawizi, supu, kupumzika, na jicho la kumwangalia. Goti nalo linapenda joto na mwendo mdogo mdogo. Mzee anayekaa siku nzima ukutani asipoinuka, jioni goti limeganda.

Chakula sitakiongelea sana kwa sababu wazazi wa mikoa hii wanakula vizuri kuliko watoto wao wa mjini. Viazi, maharage, mahindi, mboga za majani, maziwa. Ninachoomba ni kwamba wale mara nyingi zaidi kwa kiasi kidogo, wapate kitu cha moto kabla ya kulala, na uji au chai vihesabiwe kama maji.

Unapopiga simu

Unapiga simu Jumapili. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Hamjambo huko?" "Hatujambo kabisa, sijui ninyi." Simu imekwisha, na hujajua chochote. Mzazi wa Kitanzania hawezi kukwambia anaumwa ukiwa mbali, atakuacha ulale.

Usimuulize mama hali yake. Muulize hali ya baba. Kisha mwambie akupe baba, na baba umuulize hali ya mama. Kila mmoja atajificha mwenyewe na kumsema mwenzake, kwa sababu anamwonea huruma. "Mama yako jana hakula." "Baba yako siku hizi anahema akipanda kutoka bondeni." Hapo ndipo habari zilipo. Uliza vitu vinavyoonekana: jana mlikula nini jioni, nani aliamka kwanza leo, jiko lililala wapi, dawa zimebaki vidonge vingapi, nani aliteka maji. Mkono uliokuwa unateka maji ukibadilika, uliza kwa nini.

Na kwa sababu wote wawili wako ndani ya chumba kile kile, tafuta mtu wa tatu ambaye halali humo. Awe jirani, binamu, kijana anayechunga ng'ombe, au mhudumu wa afya wa kijiji. Mpangilie kitu kidogo tu ambacho hakitamchosha: kila asubuhi atupe jicho kuelekea kwa wazee. Saa mbili ikifika na moshi hauonekani mekoni wala mlango haujafunguliwa, aende apige hodi, na asipojibiwa afungue. Mpe namba yako, uchukue yake, na wazazi wajue kuwa mmekubaliana.